Mbu wa Asembo amebadilika, na mguu wake mmoja unatoboa siri

Saa moja na nusu usiku, Asembo, kaunti ya Siaya. Stima imepotea tena. Dani, nyanya yangu, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Binamu zangu wako chini ya mwembe wakipiga stori, simu moja ikipitishwa mkono kwa mkono kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki na chaji. Ndani ya nyumba, kila kitanda kina neti. Imefungwa fundo vizuri juu, inangoja tulale.

Na sisi? Tuko nje, miguu wazi, tunajipiga makofi kila dakika.

Dani alilalamika usiku huo kwamba mbu wa siku hizi hawangoji mtu alale. Wa zamani, alisema, walikuwa na adabu: walikufuata kitandani usiku wa manane, na asubuhi uliwakuta ukutani wamelewa damu, ukawaua kwa kandambili. Hawa wa sasa huwaoni ukutani, lakini umeshaumwa.

Nilicheka. Nilidhani ni yale mambo ya wazee kusema kila kitu cha zamani kilikuwa bora, hata mbu. Kumbe kuna wanasayansi waliochukua mbu wa eneo hilo hilo la Asembo, wa mwaka 1994 hadi 2011, wakachunguza kromosomu zao, na wakapata kwamba mbu hao walikuwa wamebadilika kweli.

Hii ndiyo stori ya walichokipata. Inakuhusu hata kama unaishi keja Nairobi na ushago unaenda Disemba pekee.

Mbu si mbu tu

Tuanze na yale ya msingi. Mbu wa kiume hakuumi. Yeye hujishibisha kwa maji matamu ya mimea. Anayekutafuta ni wa kike, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Na si kila mbu wa kike anaeneza malaria. Ni wale wa jamii ya Anopheles, na hata humo ni spishi chache tu zinazofanya kazi hiyo mbaya.

Katika eneo la Ziwa Victoria, miongoni mwa majina yaliyotawala kwa miaka mingi ni mawili haya: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis. Hawa ni kama mapacha. Uwaweke chini ya darubini, uhesabu kila doa la bawa, bado hutajua nani ni nani. Lakini tabia zao zinatofautiana. Gambiae anapenda sana damu ya binadamu, huingia ndani ya nyumba, na akishashiba hutua ukutani kupumzika. Arabiensis hana ubaguzi: akikosa wewe, atamuuma ng'ombe, na mara nyingi hupumzika nje.

Sasa fikiria silaha zetu. Neti iliyowekwa dawa iko kitandani. Dawa ya kupulizia iko ukutani. Zote ziko ndani ya nyumba. Gambiae anakuja mwenyewe kwenye mtego. Arabiensis yuko zizini, hana habari.

Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu eneo hilo la magharibi mwa Kenya haukushangaza wengi. Ulionyesha kwamba neti zilipoenea, gambiae alipungua sana na arabiensis akachukua sehemu kubwa zaidi ya mbu waliobaki. Tulimpiga aliyekuwa karibu na ngumi.

Lakini kuna jambo lililo ndani zaidi. Hata gambiae mwenyewe, yule yule mwenye jina moja, si mbu wa aina moja. Ndani ya kromosomu zake kuna kitu kinachowatenganisha.

Barabara ya Nairobi hadi Kisumu, lakini imepinduliwa

Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA unaobeba jeni, yaani maagizo ya kuunda mwili na kuuendesha. Sisi binadamu tuna jozi 23. Mbu wa Anopheles ana jozi tatu tu.

Chukua kromosomu moja kama safari ya basi kutoka Nairobi hadi Kisumu. Unapita Naivasha, halafu Nakuru, halafu Kericho, ndipo ufike Kisumu. Jeni ni kama miji hiyo: zimepangwa kwa mfuatano.

Sasa fikiria mtu amekata kipande cha katikati, akakigeuza, akakirudisha. Safari inakuwa Nairobi, Kericho, Nakuru, Naivasha, Kisumu. Hakuna mji uliopotea. Hakuna mji ulioongezwa. Ni mpangilio tu uliopinduka.

Hilo ndilo lililotokea kwa mababu wa mbu hawa zamani sana, tena zaidi ya mara moja. Kipande maarufu kuliko vyote kinaitwa 2La. Jina hilo si la kuogopa: namba 2 ni kromosomu ya pili, L ni mkono wake wa kushoto, na "a" ni jina la kipande chenyewe. Ni kipande kikubwa. Kina karibu herufi milioni 22 za DNA, katika jenomu yenye takriban milioni 270.

Utauliza, kama hakuna kilichopotea, shida iko wapi?

Shida iko kwenye urithi. Kwa kawaida, mwili unapotengeneza yai au mbegu, kromosomu iliyotoka kwa mama na ile iliyotoka kwa baba hubadilishana vipande. Ni kama kuchanganya karata kabla ya kugawa. Lakini kipande kimoja kikiwa kimepinduka na mwenzake hakijapinduka, havilingani, na mabadilishano hayaendi vizuri hapo. Karata hizo zinabaki kana kwamba zimegandishwa kwa gluu. Zinarithiwa kama furushi moja, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hivyo, furushi likiwa na jeni zinazosaidiana, kwa mfano za kuvumilia ukame, mbu anazipata zote kwa pamoja. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa 2La. Ukisafiri Afrika Magharibi na ya Kati, kutoka misitu yenye unyevu ya kusini kuelekea nyika kavu za Saheli, idadi ya mbu wenye kipande kilichopinduka inapanda kadiri nchi inavyokauka. Kwenye maabara pia, mbu wenye 2La kwenye kromosomu zote mbili huvumilia hewa kavu kuliko wenzao.

Tazama nyumba ya mabati au ya udongo mchana wa jua kali. Ndani ni pakavu na joto. Mbu anayeweza kuvumilia ukavu anaweza kukaa humo akimeng'enya damu yako kwa utulivu. Asiyeweza atatafuta kivuli chenye unyevu nje, kwenye nyasi au vichaka. Hapo ndipo suala la kromosomu linapogeuka kuwa suala la nani analala wapi.

Mtaliano na mbu wa Garki

Wa kwanza kuliona hili kwa ukubwa wake alikuwa Mario Coluzzi, mwanasayansi Mtaliano aliyefariki mwaka 2012. Mbu mmoja wa kundi hili, Anopheles coluzzii, amepewa jina lake.

Coluzzi na wenzake hawakuwa na mashine za kusoma DNA. Walikuwa na darubini na subira. Kuna seli ndani ya ovari za mbu ambamo kromosomu hujinakili mara nyingi bila kuachana, hadi zinakuwa nene kiasi cha kuonekana. Ukizipaka rangi, zinaonyesha mistari myeusi na myeupe kama ile ya msimbo nyuma ya pakiti ya unga. Mistari ikiwa imepinduka mahali fulani, umepata kipande chako.

Lakini kazi yenyewe, wacha tu. Mbu lazima awe wa kike. Lazima awe amekunywa damu karibu siku moja iliyopita, mayai yakiwa nusu safari. Unampasua, unatoa ovari ndogo kuliko punje ya mtama, unaziponda taratibu kati ya vioo viwili, kisha unasoma mistari kwa jicho. Ukikosea muda kidogo, kromosomu hazisomeki. Wataalamu walioweza kazi hiyo walikuwa wachache duniani.

Hata hivyo, njia hiyo ilitoa onyo mapema. Kati ya mwaka 1969 na 1976, Shirika la Afya Duniani (WHO) na serikali ya Nigeria waliendesha mradi mkubwa huko Garki, kaskazini mwa Nigeria. Nyumba zilipulizwa dawa ya kuua wadudu. Malaria ilipungua, lakini haikukatika. Kundi la Coluzzi lilipochunguza mbu wa huko, lilipata kwamba waliokamatwa ndani ya nyumba na waliokamatwa nje hawakuwa na mpangilio sawa wa kromosomu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979.

Kwa lugha rahisi: dawa ilikuwa ukutani, na baadhi ya mbu, kwa sababu ya urithi wao, hawakuwa na mazoea ya kutua ukutani.

Sasa ni mguu mmoja tu

Hapa ndipo teknolojia ilipobadilisha mchezo. Mwaka 2002 jenomu nzima ya Anopheles gambiae ilichapishwa. Watafiti wakaweza kutafuta mahali hasa ambapo kipande cha 2La kinaanzia na kuishia, yaani pale kromosomu ilipokatika na kuunganishwa upya. Mwaka 2007 kikachapishwa kipimo cha PCR cha kutambua kipande hicho.

Ndiyo, PCR ile ile uliyoisikia wakati wa Korona.

Kinafanya hivi. Unachukua mbu, au hata mguu wake mmoja. Unausaga na kutoa DNA. Unaweka DNA hiyo kwenye kijichupa pamoja na vipande vitatu vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maalum, ambavyo hujishikiza pembeni mwa mahali pa kukatika. Mashine inapasha joto na kupoza, inapasha na kupoza, mara nyingi, na kila mara inanakili eneo hilo.

Mwishoni unapata nakala nyingi za kipande kimoja kifupi. Kama kromosomu ya mbu imepinduka, kipande hicho kina urefu wa herufi 492. Kama haijapinduka, kina herufi 207. Unavipitisha kwenye jeli yenye umeme. Kifupi kinakimbia mbele, kirefu kinabaki nyuma, na mistari inaonekana. Mbu aliyerithi kimoja kwa mama na kingine kwa baba anaonyesha mistari yote miwili.

Hakuna haja ya kungoja mbu ashibe damu. Anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Anaweza kuwa buu aliyechotwa kwenye dimbwi. Na jambo muhimu kabisa kwa stori yetu: anaweza kuwa amekufa miaka mingi iliyopita, mradi amehifadhiwa vizuri.

Mbu wa zamani watoa ushahidi

Turudi Asembo. Eneo hili la ufuoni mwa Ziwa Victoria lina historia ya pekee. Katika miaka ya 1990 lilikuwa mojawapo ya maeneo ambako neti zilizowekwa dawa zilifanyiwa majaribio makubwa, na matokeo yake yakasaidia kuishawishi dunia kwamba neti zinaokoa watoto. Kwa sababu ya kazi hiyo, mbu wamekuwa wakikamatwa huko na kuhifadhiwa kwa miaka mingi.

Dkt Damaris Matoke-Muhia, mwanasayansi Mkenya wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu Nchini (KEMRI), na wenzake walikwenda kwenye hazina hiyo. Walitoa DNA ya mbu wa gambiae waliohifadhiwa kuanzia mwaka 1994 hadi 2011, wakawapima kwa PCR, kisha wakalinganisha matokeo na idadi ya nyumba zilizokuwa na neti. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2016.

Soma takwimu hizi polepole. Mwaka 1994, kabla ya neti kufika, kipande cha 2La kilikuwa kwenye asilimia 100 ya kromosomu walizopima. Kufikia mwaka 2005 kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 17. Mwaka 2011 kilikuwa asilimia 21, yaani hakikurudi. Katika kipindi hicho, nyumba zenye neti zilitoka sifuri hadi zaidi ya asilimia 90.

Miaka 11 tu. Mtoto aliyezaliwa Asembo mwaka 1994 alikuwa bado shule ya msingi wakati mbu wa kijiji chake walikuwa wameshabadilika kiasi hicho.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mambo mawili kwenda pamoja hakumaanishi moja limesababisha lingine. Hali ya hewa, mashamba, mifugo, vyote hubadilika. Lakini maelezo yanayoingia akilini ni haya: neti ziliwaua zaidi wale mbu wa kuingia ndani na kukaa humo, na wale waliokuwa na mpangilio mwingine wa kromosomu, ambao hapo awali hawakuonekana, wakabaki kuzaa.

Kwa hivyo Dani hakuwa anaota. Wale mbu wa kulewa ukutani kweli walipungua.

Mbona tujali?

Unaweza kusema: sawa, mbu wa ndani wamekwisha, si ni ushindi? Ni ushindi, lakini una kasoro.

Mwaka 2017 utafiti mwingine, uliotumia mbu waliokamatwa Afrika Magharibi na Mashariki, uliuliza swali tofauti: je, mpangilio wa 2La una uhusiano na vimelea vya malaria vyenyewe? Jibu lilikuwa ndiyo. Mbu wenye mpangilio ambao haujapinduka walionekana kuambukizwa vimelea kwa urahisi zaidi. Na mbu hao hao ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa kukutwa ndani ya nyumba.

Unganisha tafiti hizo mbili uone picha. Asembo, mpangilio uliopungua ni ule wa mbu wa ndani. Ulioongezeka ni ule ambao, kwa mujibu wa utafiti wa pili, hauonekani sana ndani na unabeba vimelea kwa urahisi zaidi. Waandishi wa utafiti huo walionya kwamba mbu wa aina hiyo wanaweza kuwa ghala la malaria huko nje, mahali ambapo neti na dawa ya ukutani hazifiki.

Na malaria bado si mchezo. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2023 ugonjwa huu uliua watu 597,000 duniani, zaidi ya asilimia 90 wakiwa Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipata vimelea kwa asilimia 6 ya watoto wa kati ya miezi sita na miaka 14. Lakini ukanda wa ziwa pekee ulikuwa na asilimia 19. Wastani wa taifa unaficha mengi.

Basi tutupe neti?

Hapana. Usimpigie mama simu leo kumwambia neti ni bure.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba hatua za kudhibiti malaria zilizuia visa milioni 663 barani Afrika tangu mwaka 2000, na neti peke yake zilichangia asilimia 68 ya mafanikio hayo. Ukiondoa neti, yule mbu wa ndani atarudi. Nafasi yake iko wazi, na jeni zake bado zipo: ile asilimia 21 haijaenda popote.

Somo si kwamba neti imeshindwa. Somo ni kwamba kila silaha inachagua nani afe na nani abaki, na usipochunguza waliobaki, utaendelea kupigana na adui wa miaka 20 iliyopita.

Hivyo ndivyo vipimo vya kromosomu vinavyosaidia. Ukijua kijiji fulani mbu waliobaki ni wa nje, unaongeza mbinu za nje: kufukia madimbwi, kuweka dawa ya mabuu, kulinda watu jioni kabla hawajaingia kulala. Kuna pia wazo la kumfanya mtu mwenyewe awe mtego. Huko Kwale, jaribio lililochapishwa mwaka 2025 liliwapa watu dawa ya ivermectin, ambayo huua mbu anayefyonza damu ya aliyeimeza. Maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 26 juu ya faida ya neti. Mbu akuume kitandani au chini ya mwembe, dawa ni ile ile.

Ni kweli 2La si jibu la kila kitu. Usugu dhidi ya dawa una jeni zake nyingine. Mbu wana vipande vingine vilivyopinduka, na kila kimoja kinahitaji kipimo chake. Ndiyo maana sasa watafiti wanasoma jenomu nzima: mwaka 2017 mradi wa kimataifa ulichapisha jenomu za mbu 765 kutoka nchi nane za Afrika, wakiwemo wa Kilifi. Lakini kipimo cha PCR bado kina faida yake: ni rahisi, na kinaweza kufanywa hapa hapa.

Wewe wa mjini, usijifiche

Kama umezaliwa Nairobi huenda umesoma hadi hapa ukisema malaria ni ya ushago. Polepole.

Kuna mbu anayeitwa Anopheles stephensi, asili yake Asia Kusini. Huyu hahitaji kinamasi. Anazaa vizuri tu kwenye tangi la maji, pipa la kwenye ploti, mtungi uliosahaulika kwenye mjengo. Alionekana Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo iliripoti visa 27 vya malaria. Mwaka 2020 viliripotiwa zaidi ya 73,000.

Mwaka 2023 KEMRI ilitangaza kwamba mbu huyo amepatikana Marsabit. Ilijulikanaje kwamba ni yeye? Kwa vipimo vya DNA. Kwa macho ni rahisi kumchanganya na Anopheles wengine. Bila maabara tungeendelea kumwita jina lisilo lake huku akisambaa barabarani kuelekea miji mikubwa. Naye pia ana kromosomu zenye vipande vilivyopinduka, na huko India mipangilio hiyo imeonekana kutofautiana kati ya mbu wa mijini na wa mashambani.

Kwa hivyo lile pipa lililo wazi nyuma ya ploti yenu, lifunike. Hiyo si kazi ya caretaker peke yake.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Kuna kitu kimoja nilichokipenda katika stori hii. Sehemu kubwa ya ushahidi wenyewe imetoka kwetu: mbu wa Asembo, maabara za Kenya, na utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Mkenya. Wakati wa Coluzzi, kusoma kromosomu ya mbu kulihitaji bingwa mmoja aliyekaa na darubini miaka mingi. Leo mwanafunzi wa bayolojia wa mwaka wa tatu anaweza kufundishwa kuendesha kipimo hiki na kusoma mistari ya 207 na 492.

Lakini utafiti wa Asembo uliwezekana kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mwaka 1994 kuna mtu aliyekamata mbu, akaandika tarehe na mahali, akawahifadhi, bila kujua wangetumiwa kwa nini. Asingefanya hivyo, leo tusingekuwa na cha kulinganisha. Kazi ya namna hiyo haipigwi picha na wanasiasa, na bajeti ikikaza ndiyo huwa ya kwanza kukatwa. Tukiacha kuhifadhi mbu wa leo, watakaokuja mwaka 2040 hawatakuwa na pa kuanzia.

Kama uko chuoni ukisoma sayansi na unajiuliza kama kuna kazi zaidi ya kuuza dawa kwenye duka la kona, uliza kuhusu entomolojia, yaani elimu ya wadudu. Kama unapenda kompyuta kuliko wadudu, jenomu za mbu ni data, na data hiyo inahitaji watu wa kuandika programu za kuisoma.

Usiku ule nilipomaliza kumweleza Dani haya yote, kwa Kidholuo changu cha kuvunjika, aliuliza swali moja tu: sasa hao wa nje mtawaua na nini? Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimletea shuka afunike miguu, nikafukia kile kidimbwi kilicho karibu na bomba, na saa tatu na nusu tukaingia ndani sote, mapema kuliko kawaida. Neti tuliifungua fundo.